Jibu: Bega linauma tangu chanjo, nisubiri lipoe kwanza?

Usisubiri! Umeandika bega linauma tangu uchomwe chanjo ya mafua huko Minnesota wiki tatu zilizopita, na hospitali utaenda "likizidi" kwa sababu bima yako inakutoboa mfuko. Mkuu, hayo ni maneno yangu mimi, na yamenitia hasara.

Mimi natunza wazee hapa Ohio. Oktoba tukapangwa foleni kazini, nesi akanichoma juu mno, karibu na mfupa wa bega. Usiku huohuo fulana haivuliki. Mwenzangu wa zamu, aliyesoma uuguzi muhula mmoja akajitunuku udaktari, akasema, "Hiyo dawa imeingia vizuri, jikande maji moto." Nikajikanda miezi mitano, hadi mke wangu akauliza kama nachemsha supu ya bega.

Ujinga wenyewe sasa. Desemba nilienda kliniki kwa ajili ya presha. Daktari akauliza kama kuna mahali panauma. Nawahi zamu, nikasema hakuna. Akaandika: hana maumivu. Machi nikarudi mkono haufiki kichwani. Limeanza lini? Nikajibu kwa uungwana wetu ule, "muda kidogo," nikaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kazi yangu ni kunyanyua wagonjwa. Akaandika: miezi miwili, huenda ni kunyanyua.

Huku Marekani kuna mpango wa serikali wa kuwafidia walioumizwa na chanjo, nami nikaomba. Ombi la fidia linapelekwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington, na unayemdai ni Waziri wa Afya, si yule nesi. Jeraha la bega limo kwenye jedwali lao, yaani orodha ya madhara ya chanjo wanayoyatambua, tangu 2017, kwa masharti: maumivu yaanze ndani ya saa 48, yawe kwenye bega lilelile lililochomwa, na lisiwe na ugonjwa kabla ya hapo. Mawakili wa serikali wakafungua faili langu la kliniki, wakakutana na "hana maumivu." Nikaleta kiapo cha mke wangu. Viapo vinapokelewa, lakini karatasi ya siku zile ilimshinda nguvu mke wangu, na sijawahi kuona kingine kilichomshinda. Zaidi ya miaka miwili, tukamalizana kwa kiasi ambacho sikitaji kwa sababu shemeji zangu wanasoma humu.

Na yule mjuzi wa grupu la WhatsApp aliyenitisha kwamba wakili atakula theluthi, nikahangaika peke yangu mwaka mzima, Mungu anamuona. Kwenye mpango huu wakili hagusi fidia yako. Analipwa na mfuko wenyewe, ule wa senti 75 zinazokatwa kwenye kila dozi ya mafua, hata ukishindwa, mradi ombi lilikuwa la nia njema na lenye msingi.

Mahakamani hukimbilii: una miaka 3 tangu dalili ya kwanza, na madhara lazima yapite miezi 6. (Wa korona wana mpango wao mwingine, mwaka 1 tu tangu kuchomwa.) Kinachokimbia ni faili lako la kliniki.

Kesho asubuhi piga simu kliniki, uombe kuonana na daktari. Kama maumivu yalianza usiku uleule, mwambie hivyohivyo: chanjo tarehe fulani, mkono fulani, usiku uleule. Ukitoka kwake ukafika kwenye gari, kabla hujawasha, fungua akaunti yako ya hospitali kwenye simu usome alichoandika. Ukikuta "muda kidogo," shuka urudi ndani.