Vidole vya joto, maumivu yasiyokoma: mguu uliofungwa hogo

Swali: Mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Kijana wa bodaboda alivunjika muundi bila ngozi kuchanika, tukamfunga hogo, yaani plasta ngumu ya kuzunguka mguu. Usiku kucha alilia, akachomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, mara mbili, na kwa kuwa vidole vilikuwa na joto aliachwa. Alfajiri hakuweza kuinua kidole gumba, tukampa rufaa. Tungetegemea kipimo gani?

Jibu: Ndugu tabibu, mngetegemea kilio chake. Chini ya goti, misuli imegawanyika katika vyumba 4 vilivyozungukwa na utando usiotanuka, na damu ya mfupa uliovunjika pamoja na uvimbe vinapojaa humo, shinikizo hubana kwanza mishipa midogo inayolisha misuli, ilhali mshipa mkubwa wa ateri, wenye nguvu zaidi, huendelea kupitisha damu hadi unyayoni. Ndiyo maana vidole hubaki na joto, na hata mapigo hupapasika, misuli ikiwa tayari inakosa hewa. Anayesubiri mguu upoe anasubiri dalili ya mwisho.

Shika kidole gumba, ukikunje polepole kuelekea chini. Mgonjwa akishtuka kwa maumivu makali mbele ya muundi, shuku shinikizo katika chumba cha mbele. Kisha gusa ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha pili, ukilinganisha na mguu wa pili usioumia, kwa sababu ganzi hapo ni ya neva ipitayo katika chumba hicho hicho. Rudieni kila saa siku ya kwanza, na muandike muda.

Ukishuku, pasua hogo kwa urefu wake wote pamoja na pamba na bandeji hadi uione ngozi. Nimeona mara nyingi plasta ikikatwa vizuri na pamba iliyokauka kwa damu ikiachwa, nayo inabana vilevile. Mguu ulazwe usawa wa moyo, usiinuliwe, maana kuinua hupunguza damu inayoufikia. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, mpigie simu daktari wa upasuaji wakati gari linaandaliwa, kwani vyumba hivyo hufunguliwa kwa kisu, na misuli iliyokosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa. Dawa ya maumivu asinyimwe, ila kila anapoomba nyongeza, mpimeni upya.

Kwa mvunjiko mbichi wa muundi, mimi hufunga nusu hogo kwa nyuma, nikisubiri uvimbe upungue kabla ya kufunga la mzunguko.