Simu iliyotumika kwa ajili ya gemu: kagua kabla ya kulipa

Ndugu, nimekuelewa: simu yako inakwama katikati ya Free Fire, na muuzaji wa Kariakoo anakupa iliyotumika kwa bei nafuu, bila risiti. Nisingeikataa, lakini nisingelipa papo hapo.

Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu. Jibu likitaja aina nyingine ya simu, ondoka. Hakikisha pia kwamba akaunti ya Google ya mwenye simu wa awali imeondolewa, kwa kuwa simu iliyofutwa kwa njia za mkato huendelea kudai nywila yake inapowashwa. Halafu omba ucheze walau dakika 20 papo hapo dukani, hata muuzaji akinuna, maana simu iliyochoka hupata joto kali karibu na kamera na chaji yake hushuka ukiiona. Mfuniko wa nyuma ukiwa umeinuka, huenda betri imevimba: usiichaji wala kuikandamiza, na kama ni yako tayari, mpelekee fundi.

Kuhusu hofu ya kupoteza kiwango chako na wenzako wa kikosi, ikiwa unaingia kama mgeni, unganisha akaunti ya mchezo na Google au Facebook kabla ya kuuza simu ya zamani.

Risiti, kwa maoni yangu, haina mjadala. Iandikwe IMEI na jina la duka, kwani simu ikigundulika kuwa ya wizi, atakayehojiwa polisi ni wewe.