Kocha, nipumzike dakika ngapi?

Shikamoo kocha. Jumamosi tunashindana benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu kutoka kifuani), nani asukume kilo nyingi mara moja tu. Wenzangu wanataka zamu ziende mbio. Kati ya jaribio na jaribio nipumzike muda gani? (Kijana, Temeke)

Marahaba. Ukiwa bado unapasha mwili, dakika mbili zinatosha. Ukishafika kwenye uzito mkubwa, tatu hadi tano. Mnyanyuo wa mara moja hautegemei pumzi; unategemea akiba ndogo ya nishati iliyomo ndani ya msuli, iitwayo fosfokreatini. Kazi nzito ya sekunde kama kumi hivi huikausha, na kurudi karibu yote huchukua dakika kadhaa. Kwa hiyo unaweza kuacha kuhema na msuli ukawa bado haujawa tayari.

Hao wenzako nao wana hoja, lazima niseme. Mwaka 1994 mtafiti Weir na wenzake waliwapumzisha wanaume dakika moja, tatu, tano, hata kumi kabla ya kurudia benchi ya uzito wao wa mwisho, na tofauti ya maana haikuonekana. Lakini wale walirudia uzito walioumudu tayari. Wewe unapanda usikowahi kufika, chuma kinaweza kukukalia kifuani, na kupambana nacho hula akiba kuliko kukisukuma kikapita. Nabaki na tatu hadi tano. Na awepo mtu wa kukidaka.

Nilipasha kwa kilo 60 mara kumi, 80 mara nane, 90 mara tano. Nikapumzika dakika tano, 100 ikagoma. Nikarudia baada ya mbili, ikagoma chini zaidi. Tatizo ni mapumziko? (Msomaji, Mwanza)

Mara ya pili, ndiyo. Mara ya kwanza tatizo ni hiyo 90 mara tano. Chukua 90, zidisha kwa tano, gawanya kwa 30, unapata 15. Jumlisha na 90, ni 105. Ni makadirio tu ya uzito unaoweza kuusukuma mara moja, lakini yanaonyesha kwamba 100 ulikuwa nayo, ukaitumia kwenye kupasha! Siku nyingine fanya 50 mara tano, 70 mara tatu, 80 mara mbili, 90 mara moja, kisha 97.5. Ukikosa, kaa dakika tano. Ukikosa tena uzito uleule, vaa shati uende nyumbani.

Mbona wanyanyuaji wa Olimpiki wanapewa dakika moja tu? (Msomaji, Tanga)

Hiyo ni saa ya kuanza kunyanyua baada ya kuitwa, siyo ya kupumzika. Wakati wengine wananyanyua, mnyanyuaji anayesubiri zamu amekaa kwenye kiti nyuma ya jukwaa. Akiitwa mara mbili mfululizo, bila mwingine kunyanyua katikati, hupewa dakika mbili.

Vyuma vyetu ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Tutajuaje kilo? (Vijana wa Mbagala)

Pelekeni kwa muuza mahindi mwenye mizani, kila kopo peke yake, na bomba lake. Muandike kwa rangi ubavuni. Mimi nilianzia humo humo. Kopo nililoliita kumi lilikuwa na nane na nusu.

Kocha, mimi ni mama wa miaka 51, nina presha. Nikipumzika muda mrefu naweza kupima uzito wa mwisho? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, dada yangu. Kubana pumzi chini ya mzigo mzito hupandisha presha ghafla, na mapumziko marefu hayaliondoi hilo. Muulize kwanza daktari wako. Akikuruhusu kunyanyua, tumia uzito mwepesi unaoweza kuupeleka mara kumi bila kubana pumzi, na andika siku hadi siku unavyopanda.