Unaanza kusoma Reiki? Anza na jiwe la 1927

Wengi wanaoingia kwenye Reiki, tiba ya Kijapani ya kuwekea watu mikono, husimuliwa historia yake siku ya kwanza ya mafunzo, kwa dakika chache, kabla ya kuonyeshwa namna ya kuweka mikono. Simulizi huwa hivi: Mikao Usui, mwanzilishi wake, alikuwa Mkristo, mkuu wa chuo cha Doshisha mjini Kyoto. Wanafunzi wakamuuliza Yesu aliponya vipi, akakosa jibu, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Chicago, akarudi Japani, akafunga siku 21 mlimani na kushuka na uponyaji. Kwa mtu aliyekulia kanisani, kama wengi wetu, simulizi hiyo inatuliza moyo. Lakini kumbukumbu za Doshisha hazina mkuu wa jina hilo, na za Chicago hazina mwanafunzi wa jina hilo. Kwa hiyo, mwenzangu unayeanza, kabla hujanunua kitabu chochote, tafuta maandishi ya jiwe la kumbukumbu la Usui uyasome.

Jiwe hilo liko makaburini, kwenye hekalu la Saihoji jijini Tokyo. Wanafunzi wa Usui walilisimamisha Februari 1927, mwaka haujatimia tangu afariki mjini Fukuyama tarehe 9 Machi 1926. Tafsiri zake za Kiingereza zinapatikana bila shida. Soma polepole, na jiulize kila mara: nani anasema, lini, na anamwambia nani? Hapa wanaosema ni watu waliokaa naye, nao wanawaambia Wajapani wenzao waliomfahamu. Kweli, wanamsifu, maana hakuna anayemsema vibaya mwalimu wake juu ya kaburi. Hata hivyo hawangeweza kumbunia ukuu wa chuo mbele ya watu wanaojua maisha yake.

Wanasema alizaliwa 1865 katika mkoa wa Gifu. Alipenda sana kusoma: historia, utabibu, maandiko ya Kibuddha na ya Kikristo, elimu ya nafsi, hata uaguzi. Pamoja na elimu yote hiyo, mambo yake hayakumnyookea. Ndipo akapanda mlima Kurama, kaskazini mwa Kyoto, akafunga siku 21, akahisi nguvu kuu juu ya kichwa chake. Akaijaribu kwake na kwa jamaa zake, kisha akaona si haki ibaki ndani ya nyumba moja. Angalia vizuri hapo: jiwe halitaji tarehe ya mlimani. Vitabu vingi vinaandika Machi 1922 kana kwamba imechongwa. Tarehe iliyochongwa ni ya Aprili 1922, alipohamia Harajuku, Tokyo, na kuanzisha chama chake, Usui Reiki Ryoho Gakkai.

Kuna sentensi moja nawasomea wanafunzi kila mara, inayosema viatu vya waliokuja kutibiwa na kujifunza vilijaa nje ya mlango. Halafu likaja tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923, lililoiangusha na kuiunguza Tokyo na Yokohama na kuua watu zaidi ya 100,000. Jiwe linasema Usui alitoka kila siku kuzunguka mjini akiwahudumia majeruhi. Kwangu hiyo ndiyo picha ya mwanzo wa Reiki: mzee wa miaka 58 katikati ya magofu, akiwawekea watu mikono. Mpaka anafariki, kwa hesabu ya jiwe, alikuwa amefundisha watu zaidi ya 2,000.

Jambo jingine ambalo wanaoanza hulipita haraka ni kwamba jiwe linasisitiza tabia kabla ya ugonjwa. Asubuhi na jioni mwanafunzi aliketi, akaunganisha viganja na kukariri: kwa leo tu usikasirike, usihangaike, shukuru, fanya kazi yako kwa bidii, watendee watu wema. Ukifundishwa mikao ya mikono bila maneno haya, umepewa nusu ya kile Usui alichofundisha.

Usishtuke pia ukikuta kwamba hakuwa peke yake. Enzi ya Taisho (1912 hadi 1926) Japani ilijaa waponyaji wa kuwekea mikono, wa kupumua, wa usingizi wa kiini macho, na vitabu vya Marekani kuhusu nguvu ya fikra vilikuwa vikitafsiriwa. Hata jina la Reiki lilishatumiwa na wengine. Kulijua hilo hakumpunguzii Usui heshima. Kunakuonyesha tu udongo aliootea.

Kilichotufikia sisi kimepitia mikono ya watu wawili. Wa kwanza ni Chujiro Hayashi, mwanafunzi wa Usui na ofisa mstaafu wa jeshi la majini, aliyefungua kliniki Tokyo yenye vitanda, wahudumu na utaratibu. Wa pili ni Hawayo Takata, binti wa wahamiaji wa Kijapani, mzaliwa wa kisiwa cha Kauai, Hawaii. Alifika kliniki hiyo mwaka 1935 akiwa mjane na mgonjwa. Mwenyewe alisimulia kwamba joto la mikono lilimshangaza hadi akamvuta mhudumu mkono wa kimono, akidhani ameficha kifaa cha umeme. Akajifunza, akarudi Hawaii 1937, na Februari 1938 Hayashi akamtangaza kuwa mwalimu kamili.

Kisha Desemba 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor, huko huko Hawaii. Fikiria mwanamke mwenye asili ya Japani anafundisha tiba ya Kijapani katika Marekani ya miaka ile na iliyofuata. Usui Mkristo, msomi wa Chicago, alipokelewa na wasikilizaji wale kwa urahisi kuliko Usui aliyefunga kwenye mlima wa Kibuddha. Takata ndiye aliyeisimulia hadithi ile ya Usui Mkristo; hivyo ndivyo ninavyoielewa, na simlaumu mama huyu. Bila yeye, huenda wewe na mimi tusingelisikia neno Reiki. Lakini kumheshimu Takata hakutulazimu kurudia yasiyokuwapo.

Alipofariki Desemba 1980 alikuwa ameacha walimu 22, aliowatoza dola 10,000 kila mmoja kwa ngazi ya juu. Hao ndio walioieneza Marekani, Ulaya na kwingineko, na katikati ya miaka ya 1980 ikarudi Japani kwa sura ya Kimagharibi. Huko chama cha Usui kilikuwa hakijafa, na Kyoto alikuwapo Chiyoko Yamaguchi, aliyefundishwa na Hayashi mwaka 1938, akiendelea kuwawekea watu mikono. Zoezi langu kwa kila anayeanza: mwombe mwalimu wako orodha ya walimu wake hadi kwa Usui, kisha uone inapitia kwa nani kati ya wale 22. Akikasirika kwa swali hilo, tafuta mwalimu mwingine.

Mtaulizwa pia maswali magumu, yajibuni bila kuzunguka. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa tamko mwaka 2009 kwamba Reiki haifai katika taasisi zao. Mteja Mkatoliki akiuliza, mwambie, aamue mwenyewe. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, wa mwaka 2015 haukupata ushahidi wa kutosha kusema Reiki inasaidia wasiwasi au sonona, na nguvu yenyewe haijapimwa kwa chombo chochote. Watu wengi huniambia wametulia, wamelala vizuri, na ninayathamini hayo kwa dhati, lakini sisemi zaidi ya hayo. Anayekuja na uvimbe, sukari au presha, muulize kwanza ameonana na daktari lini na dawa zake anatumiaje. Kama hajaenda hospitali, aanzie huko. Kitanda chako atakikuta.