Usiifungue hiyo klipu ya dakika nane (Misawa/Kobashi v Kawada/Taue, Budokan 1995)

Mleta uzi, simama hapo hapo. Umesema kesho ukipata bando utaangalia "zile dakika nane za mwisho" za ile mechi ya mieleka ya wawili wawili ya Japani, Misawa na Kobashi dhidi ya Kawada na Taue, ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 9 Juni 1995, zikikunogea ndipo utafute mechi nzima, kwa sababu mwanzoni "hawafanyi kitu, wanazungukana tu". Ukauliza pia kama ni lazima kujua Kijapani, na mechi ipi ifuate. Hayo mengine tuyaache mpaka umalize kuiangalia. Kwanza ifute hiyo klipu kwenye simu.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi nilifanya hivyo hivyo. Kwenye kikundi chetu cha mieleka kulikuwa na jamaa tuliyemchukulia kuwa ndiye mjuzi. Siku moja akarusha klipu na maneno haya: mechi bora ya wawili wawili kuwahi kupigwa duniani, nimewakatia utamu wote, mwanzo ni porojo. Nikaifungua kwenye daladala, sauti nimezima. Nikaona wanaume wanne wamechoka, mmoja anachechemea, mwingine kalala chali hajitambui, na ukumbi mzima umesimama. Kisha yule anayechechemea, Kobashi, badala ya kumrukia adui, akajitupa juu ya mwenzake aliyelala, Misawa, akamfunika kwa mwili wake. Nikacheka kwa sauti. Nikasema huyu naye mjinga, si ampige Kawada? Mwamuzi akahesabu tatu, nikajua nani kashinda, nikarudisha simu mfukoni.

Kwa miaka minne, kila mtu akiitaja mieleka ya Japani, mimi nilikuwa wa kwanza kusema hawa jamaa wanasifiwa bure. Nilibishana na watu waliokuwa sahihi. Nilipoiangalia nzima hatimaye, usiku, peke yangu, na sauti, nilifika pale Kobashi anapomlalia Misawa nikashindwa kuendelea. Nikasimamisha video nikakaa. Na hata hapo nilikuwa nimeshachelewa, kwa sababu nilikuwa najua mwisho wake. Wenzangu wanasimulia walivyokuwa hawapumui kila mwamuzi anapofika hesabu ya mbili, maana ya tatu ndiyo mwisho. Mimi nilikuwa napumua vizuri kabisa. Mechi hii mtu anaiangalia kwa mara ya kwanza mara moja tu, na mara yangu niliimalizia kwenye daladala.

Sasa nikueleze ni nini hasa unachokirukia unapoanzia mwishoni.

Kawada na Misawa hawakukutania ulingoni. Walisoma sekondari moja na kucheza mieleka ya shule pamoja, Misawa akiwa mbele kwa mwaka mmoja. Wakaingia All Japan, kampuni ya mieleka ya Giant Baba. Misawa alikuwa akivaa barakoa ya Tiger Mask, na Mei 1990 alipoamua kuivua katikati ya mechi, aliyemfungulia kamba kisogoni alikuwa mwenzake wa ulingoni siku ile, Kawada. Miaka mitatu baadaye Kawada alihamia upande wa pili, akaungana na Taue, mtu ambaye kabla ya hapo walikuwa wakitwangana vikali. Tangu ahame, hakuwa amewahi kumbana Misawa mabega chini akahesabiwa tatu. Hata mara moja. Mwaka 1994 walipigania ubingwa mkubwa, Misawa akashinda. Ukisikia watu wa Budokan wanavyonguruma kila hawa wawili wanapobaki uso kwa uso, jua wanasubiri kuona kama leo Kawada ataweza.

Halafu kuna jicho. Aprili 1995 Kawada alimpiga Misawa akamvunja mfupa unaozunguka jicho. Misawa akaendelea na mashindano akayashinda. Miezi miwili tu baadaye ndiyo mechi hii. Kila mtu ukumbini anajua.

Na mguu. Mungu wangu, ule mguu. Kobashi anaingia na bandeji nzito mguuni. Anayekwambia mwanzo hawafanyi kitu ni kwa sababu haangalii mguu. Kawada ni mtu wa mateke, na anajua maumivu ya mguu kuliko yeyote pale, kwani Desemba 1993, fainali ya ligi ya timu, watu hawa hawa wanne, mguu mbovu ulikuwa wa kwake. Sasa zamu imegeuka. Kobashi akiingia, wanaurudia mguu. Akitoka kupumzika, akarudi, wanaurudia tena. Hawakimbilii kummaliza, wanamwondoa mchezoni taratibu. Na silaha za Kobashi zinautaka mguu: anapanda kona, anapinduka kinyumenyume kumwangukia mtu. Kila anapozitumia anajiumiza pamoja na adui. Mtazame anavyoinuka. Haigizi kwa mikono na uso kama tulivyozoea kuona kwingine. Anaweka uzito kwenye mguu mzima, anaujaribu ule mwingine, unamkatalia, anaenda hivyo hivyo.

Mpango wa Kawada na Taue ndio huo, na ni mpango mtamu kuufuatilia kama draughti: mzuie Kobashi asiweze kuja kuokoa, ubaki na Misawa peke yake. Taue, yule mrefu wa chupi nyekundu ambaye wageni wa mieleka hii humdharau, ndiye mkono wa kazi. Ana nodowa, anamkaba mtu koo kwa mkono mmoja, anamnyanyua, anambwaga. Ukiona amemshika Misawa shingoni ukingoni mwa ulingo, nje ya kamba, usipepese macho.

Kwa hiyo rudi kwenye ile picha niliyoicheka. Kobashi hampigi Kawada kwa sababu hawezi. Mguu haupo tena. Dakika arobaini wamemnyang'anya kila kitu kimoja kimoja, amebakiwa na mwili tu wa kuwekea juu ya rafiki yake ili apigwe yeye. Ukiona picha hiyo bila zile dakika thelathini za kwanza, unaona mtu amelala juu ya mtu.

Ndiyo maana nimemkasirikia yule jamaa mpaka leo. Yeye aliiangalia nzima. Alikaa akaonja kila kitu, kisha akatuletea sufuria iliyokwisha kukombwa akatuambia huo ndio utamu wa pilau. Na alijiona ametusaidia! Ninyi mnaokata klipu, mkitaka kumvutia mgeni, mkatieni dakika tano za mwanzo, muache hapo, ajitafutie. Matokeo msiguse.

Maana matokeo ya All Japan ya miaka ile yana uzito. Giant Baba alikuwa ameshaachana na ule mtindo wa mechi kuharibika, mtu kuhesabiwa nje ya ulingo au rafiki kuingia na kiti. Mtu akishindwa, ameshindwa katikati ya ulingo, mabega chini. Kwa hiyo kila hesabu ya mbili ni hatari ya kweli, na huwezi kuihisi hatari hiyo kama unajua itaisha vipi. Tena Januari mwaka huo huo wanne hawa walikwenda dakika 60 bila kupatikana mshindi. Waliokuwa Budokan hawakujua kama safari hii itaisha. Iliisha dakika ya 42 na sekunde 37, na sitaandika hapa nani alikuwa juu na nani chini. Wachangiaji wengine nawaomba kwa heshima zote, msiandike. Anayejua anyamaze, mwacheni mwenzetu ale chakula cha moto.

Atakuja mtu hapa chini kusema haya yote ni maigizo. Akapigwe kiwiko kimoja cha Misawa, halafu arudi tuendelee na mjadala.

Sheria yangu ni moja na sina nyingine: anzia kengele ya kwanza, sauti ikiwa juu, bila kujua mshindi, na usisogeze mbele hata sekunde kumi. Bando likiisha katikati, subiri uongeze, uanzie ulipoishia. Usiingie kwenye maoni chini ya video, usisome kichwa cha habari, funika na kiganja ile orodha ya video za pembeni, maana wengine huandika mshindi humo humo kwenye jina. Ukishindwa kukaa dakika 42 kesho, acha mpaka Jumapili. Imesubiri tangu 1995, haitakimbia.

Sauti narudia, kwa sababu watu huidharau. Katikati kuna wakati ukumbi unaanza kuita majina, upande huu Misawa, upande ule Kawada, na unasikia jinsi sauti inavyohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kadiri mechi inavyogeuka. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeizima.

Ukimaliza rudi kwenye uzi huu. Usiniambie nani kashinda, hilo ninalo. Niambie ulianza kuuhisi mguu wa Kobashi dakika ya ngapi.