Dawa kwa wazee wenye dimenshia: mgonjwa hatakwambia kuwa umekosea

Mgonjwa mwenye akili timamu hujilinda mwenyewe. Akiletewa tembe nyekundu na yake siku zote ni nyeupe, atauliza. Akiletewa dozi ya pili atasema, "Nishameza." Mzee mwenye dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na fahamu, hana kinga hiyo. Atapokea chochote kilicho ndani ya kikombe, au atakataa vyote, na hawezi kukueleza kwa nini. Ndiyo maana makao ya wazee yanahitaji utaratibu mkali kuliko hata wodi ya hospitali. Haya tunawaandikia wanaoendesha nyumba hizi Mombasa, kuanzia Nyali hadi Likoni, na pia jamaa waliompeleka mzee wao huko na wanataka kujua waulize nini.

Jina, picha na saini

Usimwulize mzee, "Wewe ndiwe Bi Fatma?" Ataitikia kwa adabu, hata kama ni Bi Zuhura. Na huku kwetu Pwani majina yanafanana mno: nyumba yenye wazee ishirini inaweza kuwa na Fatma wawili na Mohamed Ali watatu. Chati ya dawa ya kila mzee iwe na picha ya uso ya hivi karibuni, kwa sababu wazee hukonda na picha ya miaka mitatu nyuma haimfanani tena. Iwe na majina yote matatu, uzito, na dawa zinazomdhuru zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu juu kabisa. Wenye majina yanayokaribiana, chati zao ziwekewe alama ya rangi. Namba ya kitanda isitumike kumtambua mtu. Baada ya chakula cha mchana, mzee mwenye dimenshia hulala kitanda chochote atakachokikuta.

Toa dawa kwa mzee mmoja, umalize, ndipo uende kwa mwingine. Fungua chati yake, linganisha picha na uso, toa tembe kwenye pakiti yake iliyoandikwa jina, soma lebo tena kabla ya kumpa, mpe na maji ya kutosha, msubiri ameze, kisha utie saini. Desturi ya kupanga vikombe kumi juu ya trei, kila kimoja na kikaratasi cha jina, iachwe kabisa. Feni ikipeperusha vikaratasi viwili hakuna atakayejua kipi ni cha nani, kwani tembe nyeupe ya presha na tembe nyeupe ya sukari hazitofautiani zikishatoka kwenye pakiti.

Saini huja baada ya kumeza, haiji kabla. Ukisaini mapema na mzee akatema, chati imeshasema uongo. Lakini kisanduku kilichoachwa wazi ni kibaya vilevile: wa zamu ya usiku hajui kama dawa ilitolewa ikasahauliwa kuandikwa, au haikutolewa. Akiamua kutoa, huenda mzee akapata dozi mbili. Kila kisanduku kijazwe, kama si saini basi herufi: K kwa aliyekataa, L kwa aliyelala, H kwa aliye hospitalini, na sababu iandikwe nyuma ya karatasi. Anayetoa dawa asiitwe, asipigiwe simu, asiombwe ufunguo wa stoo. Nyumba zingine humvisha kizibao chenye rangi kali ili kila mtu aone kwamba wakati huo hasemeshwi.

Halafu tazama mdomo. Tembe hujificha kati ya shavu na ufizi, chini ya ulimi, nyuma ya meno ya bandia. Wanaotandika vitanda wafundishwe kukagua foronya, mfuko wa kanzu, na zaidi ya vyote pindo la leso. Bibi aliyezoea maisha yake yote kufunga hela kwenye pindo atafunga na tembe humo humo. Mkizikuta, zihesabuni, andikeni, na mwambieni daktari. Daktari asiyejua kwamba dawa haimezwi ataongeza dozi, na siku mzee atakapoanza kumeza vizuri presha itaanguka ghafla.

Akikataa

Ondoka kwa utulivu, rudi baada ya dakika 15 hadi 30, ikiwezekana aje mhudumu mwingine. Kukataa mara nyingi kuna sababu inayoonekana: kinywa kikavu, kidonda, tembe kubwa, uchungu, au mhudumu amesimama akimwinamia. Keti, mtazame usoni, mpe tembe moja mkononi mwake mwenyewe. Mkono wa mtu aliyezoea kumeza dawa hukumbuka njia ya mdomoni hata akili ikisahau. Usimshike pua wala kumfungua mdomo kwa nguvu. Maji na dawa vitaingia kwenye mapafu. Dozi iliyopita isifidiwe kwa kutoa mbili baadaye.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kinu. Kusaga tembe bila kumwuliza mfamasia ni hatari. Pakiti yenye herufi SR, XR, MR au CR, au neno retard, ina maana dawa imetengenezwa itoke polepole kwa saa nyingi. Ukisaga nifedipine, dawa ya presha, ya aina hiyo, dozi iliyokusudiwa kudumu saa 12 au 24 humwagika kwa mkupuo, na mzee huzirai. Yenye EC imefunikwa ganda ili isiyeyuke tumboni. Kapsuli ya omeprazole, dawa ya asidi ya tumbo, mara nyingi yaweza kufunguliwa ila chembe zake zisisagwe wala kutafunwa. Mwombe mfamasia badala yake: nyingi zina aina ya maji, au ya kuyeyuka ulimini, au kuna dawa nyingine ya kundi hilo hilo inayoweza kusagwa.

Kuficha dawa kwenye chakula kusiwe siri ya jikoni. Mzee ambaye bado anaelewa anachokataa ana haki ya kukataa. Asiyeelewa, na dawa yenyewe ni ya lazima, uamuzi uwe wa daktari, nesi na familia kwa pamoja, uandikwe, na mfamasia athibitishe kila dawa moja moja. Kisha itiwe kwenye kijiko kimoja cha uji au tende iliyopondwa, apewe kwanza. Ukiitia kwenye bakuli zima akala nusu, hujui amepata kiasi gani.

Joto la Mombasa

Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, mchana wetu hupita nyuzi 30, na chumba cha ghorofa ya juu chenye paa la mabati huzidi hapo. Kabati la dawa liwe na kufuli na kipimajoto ndani, kisomwe asubuhi na alasiri na kuandikwa. Lisiwe jikoni wala karibu na bafu. Unyevu ni adui mwingine: fungua mkebe wa asprini uliokaa vibaya na utasikia harufu ya siki. Hiyo ni asprini iliyovunjika kwa unyevu, itupwe. Tembe za sodium valproate, dawa ya kifafa, hufyonza unyevu, kwa hiyo zibaki kwenye karatasi yake ya kiwandani hadi dakika ya kumezwa. Zisihamishiwe kwenye bahasha za kemisti wala kisanduku cha wiki. Matone ya macho yaandikwe tarehe ya kufunguliwa; mengi hutupwa baada ya siku 28.

Insulini isiyofunguliwa hukaa friji kwa nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda imekufa, hata ikionekana nzima. Stima ikipotea, friji isifunguliwe ovyo. Ikikawia, insulini ihamie kwenye boksi la baridi, imefungwa taulo ili isiguse barafu. Watu hushauri mtungi wa udongo. Mtungi hupoza kwa maji yanayokauka juu yake, na hewa yetu yenye unyevu hupunguza sana nguvu hiyo. Usiuamini bila kipimajoto.

Kwa mzee asiye na uhakika wa kula, usichome insulini ya chakula kabla hujakiona chakula mbele yake na hamu anayo. Mwulize daktari kama inaweza kuchomwa mara tu baada ya kula. Kwa baadhi ya aina inawezekana. Sukari ikishuka, mzee hutoka jasho, hukasirika, huzubaa au husinzia, na mhudumu husema "ni ule ugonjwa wake." Pima. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, na anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua asitiwe kitu mdomoni, aende hospitali. Mzee anayetumia glibenclamide, tembe ya kushusha sukari, aangaliwe kwa saa nyingi baadaye, kwani dawa hiyo hukaa mwilini na sukari hushuka tena. Afadhali kumwomba daktari aibadilishe kabisa.

Kibandiko cha rivastigmine

Rivastigmine ni dawa ya dimenshia inayopita kwenye ngozi. Familia nyingine huleta vibandiko hivi kutoka ng'ambo, na kosa kubwa ni moja: kubandika kipya bila kutoa cha jana. Mzee hujikuta na viwili au vitatu mgongoni, hutapika, mapigo ya moyo hupungua, na watu wamekufa kwa kosa hili. Tafuta cha zamani, kitoe, kikunje, ndipo ubandike kipya. Bandika juu mgongoni asikokufika, kwenye ngozi kavu isiyopakwa mafuta ya nazi, ukandamize kwa sekunde 30. Pale pale pasirudiwe kwa siku 14, hivyo chora mgongo kwenye chati na utie alama kila siku. Jasho likikibandua, weka kipya na ubadilishe saa ile ile ya kawaida kesho yake. Akikosa zaidi ya siku tatu, usiendelee na dozi ya juu. Daktari humrudisha kwenye dozi ya kuanzia, 4.6 mg kwa saa 24.

Dawa za "kumtuliza"

Hapa ndipo wazee wanapodhulumiwa zaidi. Anapiga kelele usiku, anatembeatembea, anamsukuma mhudumu, na zamu ina mtu mmoja. Haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, inaombwa, inapatikana, na miezi minane baadaye bado anaimeza. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu dawa mpya za kundi hili kwa wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 ikaongeza zile za zamani, haloperidol ikiwamo. Katika majaribio ya kama wiki 10, walifariki asilimia 4.5 ya waliozimeza, dhidi ya 2.6 ya waliopewa tembe zisizo na dawa. Mwenye dimenshia ya Lewy, ambaye huona vitu visivyopo na kukakamaa viungo, anaweza kuganda kabisa kwa dozi ndogo tu.

Kabla ya kuziomba, mkague. Mzee aliyebadilika ndani ya siku moja au mbili ana kitu kipya mwilini: homa, malaria, mkojo wenye maambukizi, choo kilichofunga siku nne, kiu, sukari, jino, au dawa aliyoanzishwa wiki iliyopita. Maumivu hujitokeza kama hasira kwa mtu asiye na maneno. Paracetamol ya saa maalumu, kwa dozi inayolingana na uzito wake, huwatuliza wengi. Ikilazimika risperidone, mojawapo ya dawa mpya za kundi hilo, kwa kawaida huanza na 0.25 mg mara mbili kwa siku, na tarehe ya kuipitia iandikwe siku hiyo hiyo, isizidi wiki sita. Asitiwe benzhexol kwa mazoea ya "kuzuia kutetemeka". Inaharibu kumbukumbu zaidi.

Benzhexol si peke yake. Piriton na Phenergan za mzio, amitriptyline ya sonona na oxybutynin ya kibofu hupinga kazi ile ile ambayo donepezil, tembe ya dimenshia, inajaribu kufanya kwenye ubongo. Chlorpheniramine, dawa iliyomo ndani ya Piriton, imo pia katika tembe nyingi za mafua zinazouzwa kemisti bila cheti. Jamaa huja Jumapili na mkoba wa upendo: tembe za mafua, za maumivu, maji ya mwarobaini, habasoda. Kila kitu kipitie kwa nesi kwenye mlango, na jamaa waelezwe sababu bila kukaripiwa. Mwarobaini unaweza kushusha sukari, na juu ya glibenclamide huo ni mzigo wa pili.

Ramadhani izungumzwe tangu Shaabani. Mzee anaweza kusahau majina ya wanawe lakini akakumbuka kwamba amefunga, na akakataa tembe za mchana kwa moyo wote. Familia na imamu wa mtaa wakae naye kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Daktari naye aangalie zipi zinaweza kuhamia futari na daku. Zisihamishwe na mhudumu kwa kukisia.

Mzee akirudi kutoka hospitali, linganisha karatasi yake ya kuruhusiwa na chati ya zamani, mstari kwa mstari, siku hiyo hiyo. Kosa la kawaida ni dawa moja yenye majina mawili: ya zamani inaendelea, mpya inaanza, na zote ni amlodipine, dawa ya presha.

Na dawa ikikosewa, kwanza mtazame mzee: anapumua vipi, mapigo, presha, sukari. Pigia daktari ukiwa na pakiti mkononi. Andika saa, dawa na kiasi, waambie jamaa siku hiyo hiyo, na anayeripoti asiadhibiwe kwa kuripoti, la sivyo kosa linalofuata litafichwa. Madhara ya dawa huripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu kwa fomu ya njano. Dawa inayoonekana mbovu, iliyobadilika rangi au kupukutika, kwa fomu ya waridi. Hiyo ya pili isitupwe, iwekwe kando na pakiti yake na namba ya toleo.