Bunduki kuukuu za vita huku Marekani: bei, vilio vya wazee, na kama kuna faida

Ndugu zangu, maswali yenu ni mengi lakini yakikusanywa yanabaki manne. Je, ni kweli mtu huku anaagiza bunduki ya Vita Kuu ikaletwa mlangoni na mtu wa vifurushi? Mbona wazee wakusanyaji wanalia kila siku kuhusu bei za zamani? Je, ni biashara, ununue leo uuze kesho? Na lile la mwisho: bunduki ya babu iliyobaki kijijini, je, inaweza kuletwa huku ikauzwa? Majibu haya hayana kupambwa, hasa kwa wale mnaojiandaa kuja.

Kwanza makaratasi, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Aliye na Green Card, awe ameipata kwa bahati nasibu ya viza, kwa ndoa au kwa njia ya ukimbizi, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua bunduki kama raia. Aliyekuja kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi moja, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji ya jimbo mojawapo au anaingia katika misamaha mingine michache. Kuishika tu ya rafiki kwenye uwanja wa shabaha kunahesabika kuwa nayo. Asiye na hadhi ya kisheria haruhusiwi kabisa. Adhabu inafika miaka 15 jela, na kosa la silaha ni sababu ya kurudishwa nyumbani hata kwa mwenye Green Card. Mwanafunzi anayepiga picha na bunduki ya mwenzake na kuitupia mtandaoni anajitengenezea ushahidi.

Sasa la posta. Ilikuwa kweli kwa kila mtu hadi 1968. Mwaka 1963 kampuni ya Klein's ya Chicago iliuza Carcano ya Kiitalia yenye darubini kwa dola 19.95 kwa kuponi ya jarida. Mteja mmoja alikuwa Lee Harvey Oswald, na hiyo ndiyo bunduki iliyomuua Rais Kennedy. Sheria ya 1968 ilifunga uuzaji huo wa posta, ikafunga pia uingizaji wa bunduki za majeshi ya nje. Mlango wa kuagiza ulifunguliwa tena na sheria ya 1984, lakini kwa zile tu zinazohesabika kuwa za kumbukumbu: zilizotimiza miaka 50 zikiwa katika umbo lake la asili, au zilizothibitishwa na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha.

Kwa bunduki hizo za kumbukumbu ipo leseni ya mkusanyaji, aina ya 03. Ada yake ni dola 30 kwa miaka mitatu. Unajaza fomu, nakala unampelekea mkuu wa polisi wa eneo lako, na lazima uwe umetimiza miaka 21. Ukiipata, bunduki ya kumbukumbu inaweza kuja moja kwa moja nyumbani bila kupitia duka, jimbo lako likiruhusu. California na New York zina masharti yake, usiige alichofanya jamaa wa Texas. Sharti linalosahaulika ni daftari: kila bunduki ya aina hiyo inayoingia na inayotoka inaandikwa tarehe, mtengenezaji, modeli, namba, kipenyo, na ilikotoka au ilikokwenda. ATF wana haki ya kuja kulikagua. Asiye na leseni hiyo anapitia duka lenye leseni, anajaza fomu ya 4473 na kuchunguzwa na mfumo wa FBI.

Tuje kwenye vilio. Mkusanyaji wa umri wa makamo akitaja Mosin-Nagant, bunduki ya Kirusi iliyoanza 1891 na kutengenezwa kwa makumi ya mamilioni, sentensi inayofuata ni bei. Karibu na 2010 modeli ya 91/30 ilipatikana kwa dola 80 hadi 120 pamoja na singe, mkanda na vifaa vya kusafishia. Maduka yaliipokea kwa makasha ya mbao, bunduki 20 kila kasha. Risasi zake zilikuja katika mikebe ya bati iliyofungwa kama ya samaki, 440 kwa mkebe, takriban dola 80, yaani senti 18 kila moja. Leo bunduki ileile inaombwa dola 350 hadi 500, na risasi inakaribia dola moja. SKS ya Kichina, bunduki inayojipakia yenyewe, iliyouzwa chini ya dola 100 mwanzoni mwa miaka ya 1990 sasa inavuka 500. K31 ya Uswisi, chuma kisafi kuliko vingi, iliuzwa karibu na dola 100 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo sahau.

Wazee hawasemi uongo, ila hesabu yao ina upande mmoja. Dola 19.95 za 1963 ni zaidi ya dola 200 za leo, na kima cha chini cha mshahara wakati huo kilikuwa dola 1.15 kwa saa: saa 17 za kazi kwa Carcano iliyochoka. Bei ya kutupa ilikuwa mwaka 2010. Dola 99 za mwaka huo ni karibu 145 za sasa. Kwa hiyo Mosin ya dola 400 imepanda kweli, karibu mara tatu hata ukiondoa mfumuko wa bei. Anayesema kila kitu kilikuwa bure anachanganya enzi mbili.

Sababu ya kupanda si ujanja wa wauzaji, ingawa nao wamo. Maghala yameisha. Bunduki hizi zilitoka kwenye stoo za majeshi ya Ulaya Mashariki baada ya Vita Baridi, Mosin nyingi zikitokea Ukraine, na hakuna kiwanda kinachotengeneza nyingine. Nchi kadhaa ziliyeyusha zao. Australia baada ya 1996 iliharibu zaidi ya silaha 600,000, SKS zikiwemo. Halafu milango ikafungwa mmoja mmoja. Mei 1994 Rais Clinton alizuia silaha za China. Mwaka 1996 Urusi ilikubali orodha finyu ya aina inazoweza kuuza. Mwaka 2013 serikali ya Obama ilizuia watu binafsi kurudisha silaha ambazo Marekani iliwapa washirika, zikiwemo Garand, bunduki za askari wa Marekani katika Vita ya Pili, zilizokuwa Korea Kusini. Vikwazo vya 2014 dhidi ya Urusi vikafuata, na Septemba 2021 vibali vipya vya risasi za Urusi vikasitishwa. Huku wanunuzi wakiongezeka: kijana aliyekua akicheza michezo ya kompyuta ya Vita ya Pili anaijua Kar98k ya Wajerumani kwa jina kabla hajaiona.

Mzigo mmoja mkubwa uliozua gumzo ulitoka jirani yenu, Ethiopia, miaka ya mwisho ya 2010. Zilikuwemo Carcano za jeshi la Mussolini na Mauser za kiwanda cha FN cha Ubelgiji za enzi ya Haile Selassie. Nyingi zilikuwa na kutu, vitako vimepasuka na kuzibwa kwa bati na misumari. Watu walizinunua hivyohivyo. Na kwa kweli zina historia kuliko bunduki safi iliyokaa kwenye grisi miaka 60.

M1 Garand ina njia yake. Shirika la CMP, la kuwafundisha raia shabaha, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, huuza Garand za jeshi kwa barua, kwenye maduka yake ya Alabama na Ohio, na kwa mnada. Hapo wanataka uraia, Green Card haitoshi, pamoja na uanachama wa klabu inayotambuliwa. Zilizorudishwa kutoka Ufilipino zilirefusha uhai wa mpango huo, lakini kila daraja la ubora likiisha halirudi kwa bei ileile.

Je, inalipa? Kwa mgeni, hapana. Chukua Mosin ya dola 400. Baada ya miaka mitatu unaiuza 460 kwenye mnada wa mtandaoni. Toa ada ya mnada ya asilimia tano au sita, toa usafirishaji wa dola 40 au 50 kama mnunuzi hakuulipia, umebaki na hasara. Tena leseni ya 03 ni ya kukuza mkusanyiko wako. Ukinunua na kuuza mfululizo kwa nia ya faida, sheria inakuita mfanyabiashara, na kufanya hivyo bila leseni ya biashara ni kosa la jinai. Ukimuuzia mtu binafsi wa jimbo jingine lazima ipitie kwa mwenye leseni.

Zinazopanda kwa nguvu ni zile ambazo hazikuguswa: namba zote zinalingana, hazina mhuri wa mwingizaji, zilirudi na askari mwenyewe mwaka 1945 na karatasi yake ya ruhusa ipo. Mhuri wa mwingizaji ni maandishi madogo yenye jina la kampuni na mji, kwenye mtutu au mwili wa bunduki. Ukiuona, ujue haikuja kwenye begi la askari, hata muuzaji aape vipi.

Kwa anayetaka moja tu kwa kupenda, ukaguzi uende hivi. Hakikisha haina risasi, kwa macho na kwa kidole. Toa komeo (kile kipande cha nyuma kinachovutwa kupakia na kufunga), angaza taa ndani ya mtutu: michirizi iwe na kona, weusi kidogo unavumilika, mashimo ya kutu hapana. Chukua risasi tupu ya mfano, isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha nyuma ya ganda), ingiza ncha yake mdomoni mwa mtutu. Ikizama hadi kwenye ganda, mdomo umelika na shabaha itapotea. Kwenye Mosin tazama namba sehemu nne: mtutu, komeo, kifuniko cha chini cha magazini, na bamba la kitako. Zilizokarabatiwa na Wasovieti zina namba ya zamani iliyokatwa kwa mstari na mpya iliyochorwa kwa kalamu ya umeme. Si wizi, ndivyo karakana zao zilivyofanya, ila si ya asili na bei isiwe ya asili. Mosin ya mdunguaji ndiyo inayoghushiwa zaidi. Namba ya darubini inapaswa kuwa imepigwa kwenye bunduki yenyewe, na herufi zisiwe na makali mapya.

Kabla ya kufyatua, pima nafasi kati ya komeo na tako la risasi. Geji ni tatu, zimeandikwa GO, NO-GO na FIELD, dola 30 hadi 40 kila moja. Komeo lazima lifunge juu ya GO. Likifunga juu ya FIELD, bunduki haifyatuliwi, kwa sababu ganda linaweza kupasuka na gesi ikarudi usoni. Lee-Enfield No. 4 ya Waingereza ina nafuu: kichwa cha komeo hubadilishwa, kimeandikwa 0 hadi 3, namba kubwa ndiyo ndefu zaidi. Na Springfield ya 1903 ya Kimarekani yenye namba chini ya 800,000, au ya kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507, iacheni ukutani. Chuma chake kilichomwa kupita kiasi kiwandani na baadhi zimepasuka.

Grisi ya hifadhi inatoka kwa mafuta ya taa kwenye chuma. Mbao zifunge kwenye karatasi na mfuko mweusi, ziache juani, futa kinachotoka, rudia. Usiguse msasa: mihuri ya kitakoni ikifutika, thamani imekwenda nayo. Kwenye SKS safisha njia ya pini ya kupigia hadi pini icheze yenyewe ukitikisa komeo. Grisi ikiikwamisha mbele, bunduki hufyatuka yenyewe mfululizo mara komeo linapofunga. Kosa hili limefanywa na wengi wanaonunua asubuhi na kwenda uwanjani mchana.

Risasi za mikebe ya zamani zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu. Watu wa Tanga na Mombasa hamhitaji kuelezwa chumvi inavyokula chuma. Mafuta hayaiyeyushi, maji yanaiyeyusha: siku ileile mimina maji ya moto, nusu lita au zaidi, kutokea upande wa chemba, kausha, paka mafuta, kagua tena kesho. Komeo nalo lioshwe. Wanaosifu dawa ya kusafishia vioo wanasifu maji yaliyomo.

Limebaki la bunduki ya babu. Ni kweli bunduki za vita vya 1914 huko kwetu zinatafutwa. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huko Afrika Mashariki, walianza na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti nyeusi yenye moshi mzito uliowaonyesha walipo. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, walijipatia mamia ya bunduki za Waingereza. Mauser 98 yenye mhuri wa K.S., yaani Kaiserliche Schutztruppe, ina bei kubwa, na mihuri ya bandia ni mingi.

Lakini hakuna njia ya kuitoa kijijini ikafika mnadani huku. Bila leseni, kuwa nayo tu ni kosa chini ya Firearms Act ya Kenya na chini ya sheria ya silaha ya Tanzania ya 2015, na kuiingiza Marekani kwa kawaida kunahitaji mwingizaji mwenye leseni na kibali cha ATF kabla haijasafiri. Anayewaambia mumtumie kwenye kontena la gari anawatumia nyinyi. Msiisafishe, msivute komeo, kwa sababu inaweza kuwa na risasi ya miaka mia. Mwiteni mjumbe au chifu, polisi waje kuichukua pale ilipo, na ombeni maandishi ya kuikabidhi. Mkitaka kujua ni ya nani, muombeni afisa awapigie picha ya pete ya juu palipoungana mtutu na mwili, na ya bamba la kitako. Herufi za hapo zinatosha kutuambia kiwanda, mwaka, na mara nyingine hata kikosi.